Antibiotiki na mitokondria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwanza kwa aliyesikia kwamba "antibiotiki zinaua mitokondria" akaanza kusita kumaliza dozi, na pili kwa anayetumia dawa ya muda mrefu ambaye miguu imeanza kumfa ganzi. Wa kwanza, mara nyingi, hana sababu ya kuogopa. Wa pili anayo sababu ya kurudi kliniki leo hii. Tofauti kati yao inatokana na dawa gani, kwa muda gani, na ndani ya mwili wa nani.

Dawa ya kuua bakteria inahusianaje na seli zangu?

Kwa undugu. Mitokondria ni vijisehemu ndani ya seli vinavyotumia chakula na oksijeni kutengeneza ATP, nishati inayoendesha karibu kila kitu mwilini. Seli zetu nyingi zinazo, isipokuwa chembe nyekundu za damu zilizokomaa. Asili yake ni bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, akabaki humo. Lynn Margulis alilitetea wazo hilo katika makala yake ya mwaka 1967, wakati wataalamu wengi wakiliona kichekesho. Leo liko kwenye vitabu vya biolojia.

Alama za ukoo bado zipo. Mitokondria zina DNA yake, ya mviringo kama ya bakteria, yenye herufi 16,569 na jeni 37. Zina pia ribosomu zake, yaani mitambo ya kuunda protini. Antibiotiki nyingi huua au kudumaza bakteria kwa kuziba ribosomu zao. Ribosomu kubwa zilizotapakaa kwenye seli zetu zina umbo tofauti vya kutosha, dawa inazipita tu. Zile za ndani ya mitokondria zinafanana zaidi na za bakteria, na baadhi ya dawa haziwezi kutofautisha.

Kati ya jeni hizo 37, ni 13 tu zinazotoa protini. Mtu anaweza kudhani ni chache mno kuleta shida. Lakini zote 13 ni vipande vya mnyororo uleule unaozalisha ATP, kwa hiyo ribosomu za mitokondria zikisimama, uzalishaji wa nishati unapungua taratibu kadiri vipande vya zamani vinavyochakaa bila kubadilishwa. Neno "taratibu" hapa ni la muhimu, litarudi.

Kwa hiyo kila antibiotiki inadhuru mitokondria?

Hapana, na hapa ndipo maneno ya mitandaoni yanapopotosha zaidi.

Penisilini, amoksilini, ampisilini na seftriaksoni hushambulia ukuta wa bakteria. Mitokondria hazina ukuta huo, ziliupoteza zamani. Rifampisini, dawa mama ya kifua kikuu, huziba kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kunakili DNA yake kuwa RNA, yaani nakala ya maagizo yake. Cha ajabu, kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kwenye mitokondria zetu hakifanani na cha bakteria, kinafanana na cha virusi wanaoshambulia bakteria, kwa hiyo rifampisini haikitambui. Azithromaisini na erithromaisini hukaa kwenye ribosomu, lakini zinategemea herufi moja mahali maalumu pa RNA inayounda ribosomu hiyo: bakteria ana A, mitokondria zetu zina G. Herufi moja tu, na dawa inakosa pa kushika.

Zinazobaki kwenye orodha ya kuangaliwa ni linezolidi, jamii ya gentamaisini (pamoja na streptomaisini, kanamaisini na amikasini), kloramfenikoli, jamii ya tetrasaiklini na, kwa njia nyingine kabisa, jamii ya siprofloksasini.

Nimeandikiwa amoksilini ya siku tano. Niache?

Usiache. Ukiwa na wasiwasi, ongea na aliyekuandikia.

Lakini kuna utafiti unaosema hata ampisilini huchosha mitokondria.

Upo. Ulitoka Boston mwaka 2013, kwenye maabara ya James Collins. Waliweka seli za binadamu kwenye dawa zinazoua bakteria, zikiwemo siprofloksasini, kanamaisini na ampisilini, wakaona mitokondria zikizalisha kemikali chachu za oksijeni zinazounguza protini na DNA. Waliona dalili za aina hiyo kwa panya pia. Tetrasaiklini, ambayo inadumaza bakteria bila kuwaua, haikuleta hali hiyo. Walipoongeza asetilisisteini, dawa ileile inayotumika kwa aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, madhara yalipungua.

Ni kazi nzuri na sioni sababu ya kuidharau. Ila kuna umbali mkubwa kati ya seli kwenye kisahani na mgonjwa kitandani. Penisilini na ndugu zake zimetumiwa na mamilioni ya watu tangu miaka ya 1940. Kama zingeharibu mitokondria kwa kiwango cha kumwangusha mtu, tungeona wodini neva zilizokufa na asidi iliyojaa kwenye damu, kama tunavyoona kwa linezolidi. Hatuoni.

Ni ipi basi inayogusa mitokondria waziwazi?

Linezolidi, bila ushindani.

Iliidhinishwa Marekani mwaka 2000 kwa maambukizi ya bakteria sugu, na maelezo yake yalilenga matibabu yasiyozidi siku 28. Inakaa mahali ambapo ribosomu huunganisha vipande vya protini, na mahali hapo pamefanana mno kati ya bakteria na mitokondria. Hapa ndipo lile neno "taratibu" linaporudi: katika wiki mbili za kwanza mgonjwa kwa kawaida haoni kitu. Baadaye huja upungufu wa damu, kwa sababu uboho, ulio ndani ya mifupa, unazalisha seli za damu usiku na mchana na unahitaji nishati nyingi. Kisha, kwa wanaoendelea miezi, huja ganzi na maumivu ya miguu, na kwa baadhi macho kufifia. Mishipa ya fahamu mirefu ndiyo huathirika kwanza, ndiyo maana vidole vya miguu vinalalamika kabla ya vidole vya mikono.

Suala hili linatuhusu sana kwa sababu ya kifua kikuu sugu. Katika jaribio la Nix-TB lililofanyika Afrika Kusini, wagonjwa 109 walipewa bedakwilini, pretomanidi na linezolidi ya miligramu 1,200 kwa siku. Walikuwa watu ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashindwa, na bado asilimia 90 walifanikiwa. Gharama yake: asilimia 81 walipata madhara ya mishipa ya fahamu ya miguu na mikono, na asilimia 48 uboho wao ulilegea. Jaribio lililofuata, ZeNix, lilijaribu kupunguza. Kwa miligramu 600 kwa wiki 26, mafanikio yalikuwa asilimia 91, na madhara ya mishipa yakashuka hadi asilimia 24. Nusu ya dozi, tiba karibu ileile, na mateso yakapungua kwa kiasi ambacho aliyewahi kukaa na wagonjwa hawa anajua thamani yake.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba mitokondria hujeruhiwa zaidi pale ambapo dawa haishuki vya kutosha kwenye damu kabla ya dozi inayofuata. Dozi ikiwa ndogo, kuna saa kadhaa kila siku ambapo ribosomu za mitokondria zinapata nafasi ya kufanya kazi. Bakteria wa kifua kikuu, kwa upande wake, anadhoofika hata kwa dawa kidogo kuliko hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa miezi sita wenye linezolidi ya miligramu 600, na ndio unaoingia kwenye kliniki zetu, kuanzia hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, hadi hospitali za mikoa.

Kliniki wanapima miguu yangu kwa chuma kinachotetemeka. Wanatafuta nini?

Wanatafuta mishipa iliyoanza kuchoka kabla wewe mwenyewe hujajua. Muuguzi anagonga chuma chenye meno mawili, kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde, anakibandika kitako chake kwenye fundo la kidole gumba cha mguu wako ukiwa umefumba macho. Kazi yako ni kusema "imeisha" mtetemo unapopotea. Mtu mwenye mishipa mizima anauhisi kwa zaidi ya sekunde 10. Ukisema imeisha mapema, na mwezi uliopita hukusema hivyo, hiyo ni habari. Usimdanganye ili umfurahishe, wala usiseme bado unahisi kwa kuogopa kupunguziwa dawa.

Kwa macho hutumia kitabu cha vidoti vya rangi vyenye namba iliyojificha ndani. Kushindwa kutenganisha nyekundu na kijani kunaweza kutangulia kupungua kwa uoni. Na damu hupimwa mara kwa mara, hasa mwanzoni.

Kati ya ziara moja na nyingine, rudi bila kusubiri tarehe ukiona ganzi au miguu kuwaka moto usiku, rangi kupauka au maandishi kufifia, uchovu wa kushindwa kupanda ngazi ulizokuwa unapanda, au kichefuchefu na kutapika kusikoisha pamoja na kuhema kwa nguvu. Hiyo ya mwisho ni ya haraka zaidi: inaweza kuwa asidi ya laktiki imejaa kwenye damu, kwa kuwa seli zilizokosa mitokondria nzima zinalazimika kutafuta nishati kwa njia inayotoa asidi hiyo.

Napewa vitamini B6. Si ndiyo inazuia ganzi?

Inazuia ganzi ya aina nyingine. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu cha kawaida, humaliza vitamini B6 mwilini, na ganzi yake inazuilika kwa kidonge hicho cha bei ndogo. Ganzi ya linezolidi inatoka kwenye mitokondria, na B6 haijaonyesha kuizuia. Mgonjwa anayeambiwa "meza B6, itapoa" huku akiendelea na dozi ileile ya linezolidi anaweza kupoteza wiki ambazo dozi ingepunguzwa. Na wiki hizo zina maana: damu kwa kawaida hurudi, macho mara nyingi huboreka dawa ikisimamishwa mapema, lakini ganzi ya miguu inaweza kubaki baada ya tiba kuisha.

Ni kweli sindano za genta zinaweza kumfanya mtoto asisikie?

Ni kweli, ingawa si kwa wengi, na wakati huohuo sindano hizo zinaokoa watoto wachanga kila siku. Gentamaisini pamoja na ampisilini ni tiba ya kwanza ya maambukizi makali ya damu kwa mtoto mchanga. Kuikataa ukiwa na mtoto anayekufa ni kosa kubwa kuliko hatari inayozungumziwa.

Jamii hii ya dawa huingia kwenye seli nyeti za sikio la ndani, zile zenye vinyweleo vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kila sikio lina takriban 15,000, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Figo nazo huinyonya dawa hii na kujeruhiwa, lakini figo kwa kawaida hupona. Sikio halirudi. Dozi kubwa, matibabu marefu, figo mbovu na kuchanganya na furosemidi (dawa ya kuongeza mkojo) vyote huongeza hatari.

Kuna kundi dogo ambalo kwao hata dozi ya kawaida inaweza kutosha. Mwaka 1993 watafiti walionyesha kwamba familia ambazo watu wake walipoteza usikivu baada ya dawa hizi zilikuwa na badiliko la herufi moja kwenye DNA ya mitokondria: namba 1555, ambapo A imekuwa G. Badiliko hilo linaifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria, na dawa inashika vizuri zaidi. Ni undugu uleule, safari hii umesogezwa hatua moja karibu zaidi.

Kwa kuwa mitokondria zote tunazirithi kwa mama, badiliko hili linafuata ukoo wa kikeni. Mjomba anaweza kuwa nalo, ila watoto wake hawalipati kwake. Uingereza, ambako takriban mtu 1 kati ya 500 analo, hospitali za Manchester na Liverpool zilijaribu kipimo cha kando ya kitanda kinachotoa jibu kwa takriban dakika 26, kabla mtoto hajapewa sindano ya kwanza. Pasipo kipimo hicho, swali moja la bure linasaidia: je, upande wa mama kuna mtu aliyeacha kusikia baada ya kuchomwa sindano? Kama yupo bibi mzaa mama, mama mkubwa, mama mdogo au mjomba wa namna hiyo, mwambie daktari kabla ya sindano.

Kwa watu wazima, wengi walioumia ni wale waliotibiwa kifua kikuu sugu enzi za sindano za kila siku kwa miezi mingi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliagiza kanamaisini na kapreomaisini ziondolewe kwenye tiba hiyo, na amikasini ibaki pale tu inapokosekana njia nyingine na usikivu ukiwa unapimwa. Kwangu hayo ni miongoni mwa mabadiliko bora ya tiba ya kifua kikuu ya miaka ya karibuni, na yalichelewa.

Doksi je? Mimi huimeza kuzuia malaria.

Doksisaiklini hupunguza uundaji wa protini kwenye mitokondria, hilo limeonekana kwa minyoo, nzi, panya na seli za binadamu za maabara. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Lausanne liliwaonya wenzao wanaoitumia kama swichi ya kuwasha jeni kwenye majaribio: mnadhani mnapima jeni, kumbe mnapima mitokondria zilizosumbuliwa. Onyo hilo liliwalenga wanamaabara. Kwa miligramu 100 kwa siku, dozi ya kuzuia malaria, hakuna ugonjwa wa mitokondria unaojitokeza kwa watumiaji kama ule wa linezolidi. Meno ya watoto kubadilika rangi kwa tetrasaiklini ni jambo jingine, linahusu kalsiamu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi doksi inavyoua malaria. Kimelea kina kijisehemu kinachoitwa apikoplasti, ambacho nacho asili yake ni bakteria aliyemezwa zamani. Dawa inaziba ribosomu za humo. Kimelea chenyewe kinaendelea kuishi mzunguko mmoja, kisha watoto wake ndio wanaokufa, na kwa sababu hiyo doksi peke yake haifai kumtibu mgonjwa anayetetemeka kwa homa leo.

Na siprofloksasini?

Hii haigusi ribosomu. Inashambulia vimeng'enya ambavyo bakteria huvitumia kukunja na kukunjua DNA. Mitokondria zina vimeng'enya vya jamii hiyo, na mwaka 2018 watafiti wa Finland walionyesha kwamba sipro huvuruga unakili wa DNA ya mitokondria kwenye seli. Kiasi walichotumia kilikuwa mara nyingi zaidi ya kile kinachofikiwa kwenye damu baada ya kidonge cha miligramu 500, kwa hiyo msomaji asiruke hadi mwisho wa hadithi.

Kinachojulikana kwa wagonjwa ni kano (kamba zinazounganisha msuli na mfupa) kuuma au kukatika, hasa ile ya nyuma ya kisigino. Marekani iliweka onyo lake kali kabisa mwaka 2008. Waliovuka miaka 60 na wanaotumia prednisoloni (dawa ya steroidi) wako kwenye hatari zaidi. Huenda mitokondria zinachangia, lakini kuna maelezo mengine pia. Kisigino kikianza kuuma ukiwa kwenye sipro, acha mazoezi na wasiliana na daktari siku hiyohiyo.

Malalamiko yangu hapa si ya kibayolojia. Sipro inanunuliwa kwenye maduka ya dawa kwa "UTI" ambayo hakuna aliyeipima, na kwa "taifodi" iliyoonekana kwenye kipimo kisichoaminika. Mtu anabeba hatari ya kano bila hata kuwa na bakteria wa kuuawa.

Matone ya macho ya kloramfenikoli yana shida?

Kwa siku chache, hapana kwa watu karibu wote. Dawa hii ikimezwa au kuchomwa kwa dozi kubwa hudumaza uboho kupitia ribosomu za mitokondria, na hali hiyo huisha dawa ikiachwa. Kuna madhara mengine ya uboho kunyauka kabisa, nadra sana na hayategemei dozi, ambayo njia yake ni tofauti. Watoto wachanga waliopewa kwa wingi miaka ya 1950 walikuwa wakibadilika rangi kuwa kijivu na kufa, ini lao likiwa bado haliwezi kuiondoa mwilini.

ARV nazo ziliharibu mitokondria?

Baadhi ya zamani, ndiyo. Hizo si antibiotiki, lakini swali linakuja kila mara. Stavudini huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Wengi wanakumbuka mashavu yaliyobonyea, miguu iliyowaka moto, na wachache waliofariki kwa asidi ya laktiki. Kuanzia mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe. Tenofovia na dolutegraviri zinazotumika sasa hazina tabia hiyo kwa kiwango kile.

Nilimaliza antibiotiki wiki mbili zilizopita na bado nimechoka. Ni mitokondria?

Kwa dozi fupi ya kawaida, anza kufikiria mambo mengine: ugonjwa wenyewe uliokupeleka hospitali, upungufu wa damu, malaria, sukari, usingizi. Uchovu unaoendelea unahitaji kupimwa, na kuupa jina la mitokondria mapema kunaweza kuficha jambo linalotibika.

Kuna virutubisho vya "kurejesha mitokondria" vinauzwa. Ninunue?

Mimi nisingenunua. Ile asetilisisteini ya Boston ilisaidia seli na panya. Hakuna tiba iliyothibitishwa ya kumeza pamoja na linezolidi au gentamaisini ili kukinga mitokondria za mgonjwa. Kinachokinga ni dozi sahihi, muda sahihi, vipimo vya figo, damu, macho na masikio, na kusema mapema.

Nina ugonjwa wa mitokondria wa kurithi. Niseme nini hospitalini?

Sema jina la ugonjwa kabla ya dawa yoyote kuandikwa, na uliza moja kwa moja kuhusu linezolidi, jamii ya gentamaisini na kloramfenikoli. Mara nyingi kuna mbadala. Ukiwa na kifafa pia, taja hilo, kwa sababu valproeti, dawa ya kifafa ambayo si antibiotiki, inaweza kuua ini la mtu mwenye kasoro ya jeni ya POLG, ile ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Andika majina hayo kwenye karatasi ndogo na uiweke pamoja na kadi ya kliniki, ili hata akikufikisha jirani ukiwa huwezi kuongea, daktari aione.